Akimbiaye Pasipo Kutazamia Taji



Majira ya masika, mvua zinyeshapo na njia kujaa matope, huonekana katika mji wa Mwanza watu wapigao mbio kabla ya jua kuchomoza. Hupita kando ya ziwa saa ile wavuvi wa dagaa warudipo na karabai zao. Hupanda mwinuko wa Capri Point, hushuka, kisha hurudi nyumbani kuoga na kwenda kazini. Si askari wala si vijana wa shule tu. Wamo waalimu, makarani, wauguzi na mafundi cherehani, na wengine wamekwisha kupita miaka arobaini. Wanajizoeza kwa ajili ya mbio ndefu, mathalani zile ziitwazo Rock City Marathon, zilizoanzishwa mjini humu mwaka 2009. Nao karibu wote wajua jambo moja tangu mwanzo, ya kuwa hawatashinda.

Wako Wakristo waulizao: Je, yafaa mtu kutumia nguvu zake hivi? Mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri hana haja ya kupiga mbio ili atoke jasho. Wapagazi wa Usukuma na Unyamwezi, waliokwenda kwa miguu hata pwani katika karne ya 19, walikwenda safari ya miezi, lakini walikwenda kwa ujira. Basi huyu aendaye mbio pasipo mzigo wala ujumbe, tena pasipo tumaini la taji, anatafuta nini? Swali hili tusilidharau, maana ndani yake limo jingine lililo kubwa zaidi: Je, mtu aweza kujitaabisha kwa jambo ambalo halimpatii malipo, wala asiwe mjinga?

Kwanza tuitazame taabu yenyewe. Marathoni ni mwendo wa kilometa 42 na mita 195, kama mtu atokaye Mwanza mjini akakaribia Misungwi. Mwili hauwezi kuamriwa ghafula kuumaliza mwendo huo. Hauna budi kufundishwa. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na misuli huzoea kuitumia vema hewa iletwayo na damu hiyo. Lakini kano na mifupa huimarika polepole kuliko pumzi. Ndiyo sababu mwenye pupa huumia goti au kifundo, ingawa kifuani ajiona mzima. Tena akiba ya chakula iliyomo katika misuli na ini huwapungukia wengi yapata kilometa ya 30, na miguu huwa mizito kama mawe. Kwa hiyo mwenye busara huongeza mwendo kidogo kidogo, juma kwa juma, naye huziheshimu siku zake za kupumzika. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni nini basi kimwondoacho mtu kitandani miezi mitatu au minne mfululizo? Wengine huanza kwa hofu, kwa kuwa mganga amewaonya juu ya shinikizo la damu au ugonjwa wa sukari. Wengine huanza kwa kutaka sifa, wapigwe picha na kuvikwa nishani. Hofu na sifa zina nguvu yake, hatukatai. Lakini hofu hufifia mtu apatapo nafuu, na sifa haipatikani saa kumi na moja alfajiri, penye giza na mvua, pasipo mtu wa kupiga makofi. Asubuhi ya kwanza yaweza kubebwa na hofu au sifa; asubuhi ya arobaini yataka kitu kingine. Na lugha yetu yakijua kitu hicho, kwa maana humwita mtu huyu mwanamichezo wa ridhaa, yaani afanyaye kwa kuridhia moyoni mwake, wala si kwa kulazimishwa, wala si kwa kuajiriwa.

Hapo neno hili latufikia sisi Walutheri. Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 9, awahimiza waaminio wapige mbio kama wale wajizuiao katika mambo yote. Lakini yeye yule, katika Warumi 9:16, asema kwamba neno hili halitokani na mbio za mtu, bali na rehema za Mungu. Wanafunzi wa Kipaimara huuliza: Tushike lipi? Ikiwa wokovu ni wa neema, mbona tujitaabishe? Na ikiwa yatupasa kujitaabisha, neema i wapi?

Mkimbiaji wa ridhaa atusaidia kujibu. Yeye hapigi mbio ili apate mshahara, wala hakuna amtozaye faini akilala. Hata hivyo hujinyima, huamka mapema, huvumilia. Kadhalika Mkristo: taji lake limekwisha kupatikana msalabani, wala halinunui kwa jasho lake. Luther aliandika mwaka 1520 kitabu juu ya uhuru wa Mkristo, akafundisha kwamba aliyehesabiwa haki kwa imani humtumikia jirani yake bure, kwa furaha. Basi neema haikuondoa mbio. Iliondoa ujira, na hofu ya ujira. Atendaye mema ili alipwe ataacha siku malipo yakawiapo. Atendaye kwa ridhaa hana sababu ya kuacha.

Lakini mfano huu una mpaka wake. Mkimbiaji aweza kupiga mbio kwa ajili ya nafsi yake tu, akamwacha mke mgonjwa na watoto bila uangalizi, akaigeuza kila Jumapili kuwa siku ya mazoezi badala ya ibada. Hapo mwili umekuwa bwana, wala ridhaa haipo tena. Paulo amwambia Timotheo, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa 4, kwamba kuuzoeza mwili kwafaa kidogo. Kidogo si bure, wala kidogo si yote. Na tuyapime mazoezi kwa neno hili: Je, yamemfanya mtu awe mvumilivu zaidi nyumbani mwake na mwepesi zaidi wa kumsaidia jirani?

Taifa letu lilifurahi tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia mjini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule aliopewa Mjerumani aliyemfuata, hata ikabidi watazame picha ili kuwatenganisha. Twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kwa swali letu mwalimu mkuu ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, wakati ambapo sheria ya michezo ile iliwakubali watu wa ridhaa tu, alianguka njiani akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kushinda zaidi ya saa nzima iliyopita, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza tu, bali kumaliza.

Huyu hakuwa na taji tena la kutazamia. Alikuwa na kutumwa, na kutumwa kulimtosha.

Ndugu zangu wainjilisti, ninyi mfundishao watu watano katika mtaa ulio mbali, mvuao maji ya masika kwenda kumwombea mgonjwa mmoja, wala hakuna asomaye majina yenu katika mkutano: msijihesabu kuwa mmeshindwa kwa sababu wengine wametangulia. Hatukuitwa kuwapita ndugu zetu. Tumepewa kila kitu bure, kisha tukatumwa. Yeye aliyeanza kazi njema ndani yenu ndiye atakayewafikisha mwisho. Amin.