Mikoko Ni Amana, Si Ngawira

Ndugu zetu Waislamu! Twaisikia kauli hii mabarazani: "Mikoko ni ya Mungu, haina mwenyewe, mwenye shoka na akate." Nusu ya maneno haya ni kweli, na nusu ni maangamizi. Naam, ni ya Mungu. Na kwa kuwa ni Yake, kwetu ni amana.

Bwana Mtume (s.a.w.) aliuharimisha mji wa Madina, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe, na bonde la Naqii akalifanya hima, malisho yaliyohifadhiwa kwa farasi wa Waislamu. Basi hifadhi si jambo geni lililozuliwa na serikali. Limo katika sharia yetu.

Katika mizizi ya mikoko ndimo hukulia samaki wachanga, kamba na kaa. Aikataye bila ya idhini amemnyang'anya nduguye mvuvi riziki yake. Nasi wenye vilemba hatuna udhuru: ni misikiti mingapi iliyopauliwa kwa boriti zilizokatwa usiku, nasi tusiulize zatoka wapi?

Watazameni watu wa Gazi, katika Kwale. Tangu mwaka 2013 wanalinda hekta 117 za mikoko, na fedha walipwazo kwa hewa ya ukaa inayozuiwa na miti hiyo zimewaletea maji na kusaidia skuli.

Basi kila kamati ya msikiti na idai kibali kabla ya kununua boriti. Tusimjengee Mwenyezi Mungu nyumba kwa mali waliyoibiwa waja Wake.

Wabillahi tawfiq.