Kubebwa Si Kupanda

Machi 12, 1990, mjini Washington, watu wenye ulemavu wapatao 60 waliviacha viti vyao vya magurudumu wakapanda kwa kutambaa ngazi za jengo la Bunge la Marekani. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 8. Julai 26 mwaka huohuo, sheria ya kulinda haki zao ilitiwa saini.

Lakini sheria hiyo haikuzibana nyumba za ibada.

Hapo ndipo linapozuka swali la imani. Injili ya Marko inasimulia watu wanne waliotoboa paa ili mwenzao aliyepooza amfikie Yesu. Huo ulikuwa upendo. Hata hivyo, kubebwa kila wiki kwenye ngazi za nyumba ya ibada mbele ya kadamnasi humvunjia mtu heshima.

Kwa hiyo kuchagua lifti ya ngazi ni suala la utu. Kiti kinachopanda kwenye reli humfaa anayeweza kukaa wima na kuhamia humo. Asiyeweza huhitaji jukwaa linalompandisha akiwa kwenye kiti chake mwenyewe. Kabla ya kununua, viongozi wa ibada wamwulize kwanza atakayekitumia chombo hicho.