Raha ya Mchezo Yatoka Wapi?

Wametujia vijana wawili wa Makupa baada ya sala ya Isha na suali ambalo twaona lafaa kujibiwa hapa, kwa kuwa nyumba nyingi za mji wetu zina jambo kama hili. Mmoja wao hucheza katika kompyuta mchezo uitwao Skyrim, uliotolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani tarehe 11 Novemba 2011. Baba yake ameutangaza kuwa ni haramu, tena ameivunja kompyuta yenyewe, na tangu siku hiyo hawasemezani. Kijana hakutuuliza kama kucheza ni halali. Aliuliza: "Sheikh, ile raha niipatayo mle ndani yatoka wapi, na je, ni dhambi?" Suali hili ni bora kuliko lile tulilolitazamia.

Mwenye kuhukumu kitu yampasa akijue kwanza, basi tukamtaka atueleze. Mchezo huanza mtu akiwa mfungwa, mikono imefungwa, yumo garini apelekwa kukatwa kichwa. Ghafula latokea joka, mji washika moto, naye aponea chupuchupu. Kuanzia hapo huachiwa nchi nzima ya milima na theluji, wala hapana amlazimishaye aende wapi. Mlima auonao kwa mbali aweza kuufikia kwa miguu. Aweza kuwa mhunzi, shujaa au mwizi. Aweza kununua nyumba na kuoa.

Wako watakaosema: huu ni uwongo mtupu. Lakini uwongo ni kumwambia mtu jambo ili alisadiki, na hapa hapana adanganywaye. Babu zetu walikesha wakisikiliza Alfu Lela u Lela na utenzi wa Rasi 'lGhuli, na asubuhi wakenda kazini wakijua vyema kuwa hapana jini katika chupa. Na Abu Dawud amepokea ya kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alimwona Bibi Aisha ana farasi wa kuchezea mwenye mbawa mbili, akamuuliza vipi farasi awe na mbawa. Bibi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Ikiwa farasi yule hakutolewa nyumbani kwa Mtume, twaona taabu kulitoa joka Makupa.

Basi raha yatoka wapi? Tulipomsikiliza sana tuliona haitoki katika joka wala katika upanga. Yatoka katika hisabu. Katika nchi ile hakuna jasho lipotealo. Akifua visu, kila kisu chamwongezea ustadi, naye auona ustadi ukipanda mbele ya macho yake. Akimpa masikini sarafu moja tu ya dhahabu, papo hapo hupata baraka ya sadaka, na kwa muda wa saa moja ya mle mchezoni ulimi wake huwa hodari zaidi katika kununua na kuuza.

Sasa mtazame kijana huyo huyo akiisha kuifunga kompyuta. Ana cheti, ameandika barua nyingi za kuomba kazi, na hajajibiwa hata kwa kukataliwa. Malori yavuka Makupa kwenda bara, na katika mali yote hiyo ipitayo hana hata kifurushi kimoja. Je, ni ajabu mtu kama huyu kuipenda nchi ambayo jasho lahisabiwa? Sisi twasema raha ile kwa dhati yake si dhambi. Ni kiu ya uadilifu, na aliyeitia kiu hiyo katika moyo wa mwanadamu ni Muumba wake, ambaye ameahidi kuwa kheri ya uzito wa chembe haitapotea.

Lakini ahadi hiyo ni ya Siku ya Kiyama, na mchezo walipa leo. Hapo ndipo tunapoogopa. Sadaka ilipwayo papo hapo ni biashara. Muumini hutoa akaficha, hata mkono wake wa kushoto usijue, kisha akangoja, na pengine akafa angali akingoja. Moyo uliozoea kulipwa upesi kwa saa mia na zaidi huenda ukaziona rakaa mbili za Alfajiri kuwa nzito, kwa sababu akitoa salamu haoni kitu kilichopanda. Ghazali ameandika katika Ihya kuwa mchezo ni dawa ya moyo uliochoka, na dawa hunywewa kwa kipimo. Kipimo chenyewe si saa peke yake. Kijana ajiangalie akimpa masikini mlangoni pa msikiti: je, nafsi yake yauliza imepata nini?

Liko moja ambalo hatuliruhusu. Mle mna madhabahu za miungu ya kubuni, na mchezaji aigusaye moja hupewa baraka na kuponywa maradhi. Sisi tunaokataza watu kugusa makaburi kwa kutaka haja hatuwezi kunyamaza kwa kuwa jiwe limechorwa kwa umeme. Kijana alicheka akasema dawa huuzwa pia katika maduka ya mle mle. Basi anunue.

Ama baba yake, twamwambia kwa heshima kuwa Imamu Shafi aliichukia sataranji lakini hakuiharamisha, maadamu haina kamari wala haimpitishi mtu sala, na neno haramu si la kutumiwa kwa hasira. Kompyuta ile kijana aliinunua kwa pesa za vibarua vyake. Mali ya mtu mzima ni yake, na aiharibuye pasi na haki ana dhamana ya kuilipa, hata akiwa mzazi. Kijana naye aanze yeye kutoa salamu, wala asiitaje pesa siku hiyo.