Dhima ya Asiye na Roho

Somo la sheria ya makampuni katika shahada ya kwanza huanza na kauli moja: kampuni ni mtu. Ina jina lake, inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa, na haifi wanahisa wake wanapokufa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelisema hilo waziwazi katika Ibara ya 260, kwamba neno mtu linajumuisha kampuni. Mwanafunzi huinakili kauli hiyo daftarini, akaiandika tena kwenye mtihani na kufaulu. Lakini ndani yake mna swali kongwe kuliko kampuni zenyewe, ambalo wanasheria hawawezi kulijibu peke yao: mtu asiye na roho akikopa, akashindwa kulipa, kisha akafa, deni lake humbakia nani?

Kesi inayofungua somo, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ni ya mtengenezaji wa viatu. Aron Salomon alikuwa na biashara ya mabuti ya ngozi Whitechapel, mashariki mwa London. Mwaka 1892 aliigeuza kuwa kampuni. Sheria ya siku zile ilitaka wanahisa wasiopungua saba, naye akawapata nyumbani kwake: yeye, mkewe, binti yake na wanawe wanne wa kiume. Hisa zilikuwa 20,007. Jamaa zake sita walipata moja moja; 20,001 zikawa zake. Kampuni ikainunua biashara yake kwa takriban pauni 39,000, na kwa pauni 10,000 za bei hiyo ikampa hati za deni zenye dhamana juu ya mali ya kampuni. Kwa hiyo Salomon alikuwa muuzaji, mmiliki na mdai mkuu, yote kwa mpigo. Mwaka 1893 kampuni ikafilisika na mali haikutosha. Waliokuwa wameikopesha bila dhamana wakaambiwa kwamba mwenye dhamana hulipwa kwanza.

Mahakama ya Rufaa iliona hila: kampuni ile ilikuwa Salomon yuleyule aliyevaa jina jingine. Novemba 1896 Baraza la Malodi likaitengua hukumu hiyo kwa kauli moja. Sheria, walisema, imedai majina saba na hisa moja kwa kila jina. Haikuuliza kama saba hao ni mke na watoto, wala kama wana sauti katika biashara. Kampuni ikishasajiliwa ni mtu mwingine kabisa, na madeni yake ni yake.

Lipo jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka. Salomon hakutajirika kwa mpango huo. Biashara ilipoyumba alizitoa hati zake kwa mkopeshaji ili apate pauni 5,000 za kuinusuru kampuni, nazo zikapotea. Rufaa yake katika Baraza la Malodi aliipeleka kwa kibali wanachopewa mafukara. Anayemsoma Salomon kama mlaghai hajaisoma kesi. Swali la dhima lingekuwa jepesi kama kila anayejikinga nyuma ya kampuni angekuwa mwizi. Ugumu wake unaanzia kwa mtu mwadilifu aliyefuata sheria, huku watu wengine waadilifu wakibaki bila kulipwa.

Ukweli kwamba utengano huo ni wa dhati ulionekana tena katika kesi ya Lee ya New Zealand. Geoffrey Lee alikuwa mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya kunyunyizia mashamba mbolea kwa ndege, mwenye karibu hisa zote, na pia rubani wake. Ndege ikaanguka mwaka 1956, akafa. Mjane wake akadai fidia ya mfanyakazi, na mwaka 1960 majaji wa rufaa jijini London wakakubali: mtu anaweza kuajiriwa na kampuni aliyoiunda mwenyewe. Dhana iliyowaumiza wadai wa Whitechapel ndiyo iliyomlisha mjane huyu.

Dhana yenyewe ilipikwa zamani na wanasheria wa Kanisa. Katika karne ya 13 Papa Inosenti IV, aliyekuwa bingwa wa sheria za Kanisa kabla ya kuwa Papa, alikabiliwa na suala la miji na vyama: je, jumuiya nzima inaweza kutengwa na Kanisa kwa kosa? Alikataa. Jumuiya ni mtu wa kudhaniwa, haina roho ya kuadhibiwa, na kuitenga kungewaumiza wasio na hatia waliomo ndani yake. Watafutwe wakosaji, mmoja mmoja. Hapa mwanafunzi anapaswa kutulia, kwa sababu msingi ni uleule ila hitimisho limegeuka. Kwa Inosenti, kutokuwa na roho kwa jumuiya kulirudisha lawama kwa watu wenye roho. Katika kesi ya Salomon, hali hiyohiyo ya mtu wa kudhaniwa iliwaondolea wenye roho mzigo wa deni.

Kiswahili kimelihifadhi neno linalougusa mzizi wa jambo hili. Kampuni ya kawaida ya hisa huitwa kampuni yenye dhima ya ukomo, na dhima ni neno la mafakihi. Kwao ni sifa iliyomo ndani ya binadamu, ambayo haki na wajibu hushikamana nayo. Deni likishaingia katika dhima halitoki ila kwa kulipwa au kusamehewa, na kifo peke yake hakilifuti. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti aliyekuwa na deni mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Ndiyo maana katika mazishi ya Waislamu wa pwani, kabla watu hawajatawanyika, ndugu wa marehemu husimama na kutangaza: anayemdai aje aonane na familia, na anayeweza kusamehe asamehe. Kampuni inapokufa, anayesimama ni mfilisi. Huwaita wadai, hugawa kilichopo, kisha jina hufutwa katika daftari la msajili. Hakuna anayeombwa msamaha.

Haimaanishi kwamba Uislamu haukuwahi kumjua mtu wa kudhaniwa. Mustafa al-Zarqa wa Syria aliona mfano wake katika wakfu na Baitulmali, ambazo humiliki, hudai na hudaiwa bila kuwa na mwili. Muhammad Taqi Usmani wa Pakistan aliukubali ukomo wa dhima akilinganisha na ubia wa mudharaba, ambamo mwenye mtaji asiyeruhusu kukopa hapotezi zaidi ya alichotoa. Lakini aliuwekea mpaka: uwe kwa makampuni makubwa ya umma, ambayo wanahisa wake wako mbali na uendeshaji. Kwa kipimo hicho kampuni ya familia ya Salomon isingepita, na kipimo hicho kina haki kuliko hukumu ya mwaka 1896. Asiyeshika usukani hastahili kubeba gharama zote za ajali, ila Salomon ndiye aliyeushika.

Mahakama nazo zimeanza kumuuliza aliyeshika usukani. Wanavijiji 1,826 wa Chingola, Zambia, walidai kwamba maji yao yalichafuliwa na mgodi wa shaba wa Nchanga. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu wamshtaki London mzazi wa kampuni ya mgodi, Vedanta. Pazia la kampuni, yaani utengano wake na wamiliki wake, halikuguswa. Majaji walisema tu kwamba kampuni mama iliyoingilia uendeshaji wa kampuni tanzu inaweza kuwa na wajibu wake yenyewe kwa majirani wa mgodi.

Kuhusu wadai, Bunge la Uingereza lilitoa sehemu ya jibu mapema. Mwaka 1897, mara tu baada ya kesi ya Salomon, lilipitisha sheria iliyotanguliza mishahara ya wafanyakazi mbele ya dhamana zinazoelea juu ya mali yote ya kampuni, kama ile ya Salomon. Mpangilio huo uliingia pia katika sheria za makampuni za Afrika Mashariki. Mshona viatu akasogezwa mbele katika foleni. Aliyeuza ngozi kwa mkopo bado yuko nyuma.