Dawa Yenye Mwenyewe

Katika steji ya Wote, kabla basi halijajaa, hakosi kupanda muuzaji mwenye mfuko wa chupa. Huwaamkia abiria kwa Kikamba, huwapa pole za safari, kisha hunyanyua chupa ya maji ya kahawia. Lebo yake huahidi kutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, mgongo na nguvu za kiume. Ukiigeuza, huoni jina la mti uliochemshwa, wala mahali ilikotengenezwa, wala tarehe ya kuharibika. Gari likianza kuondoka, muuzaji huruka chini, na pesa zimekwenda naye.

Sina ugomvi na mitishamba, kwani ndiyo iliyonilea. Ugomvi wangu ni na dawa isiyo na mtu wa kuulizwa.

Susu yangu, yaani nyanya, kule Kitui alikuwa na kiluma, ndio mshubiri, pembeni mwa boma. Kabla ya kukata jani alikuuliza unaumwa tangu lini, umekula nini, choo kikoje. Kisha alilisimamisha jani juu ya kikombe, utomvu wa manjano ukachuruzika, akauzimua kwa maji mengi. Mama mjamzito hakupewa hata tone, maana kiluma huendesha tumbo kwa nguvu. Mafua aliyatibu kwa mutaa, mmea wa jamii ya kivumbasi: majani ndani ya sufuria ya maji moto, shuka kichwani, ukavuta mvuke mpaka jasho likutoke. Asubuhi alirudi kukutazama, na kama hujapata nafuu, yeye ndiye aliyeamuru upelekwe hospitali. Alijua kwamba ukizidiwa, mama yako ataujia mlango wake.

Wahindi nao wana desturi iyo hiyo ya kutibu nyumbani. Katika nyumba za Kihindi, mtoto akikohoa hutiliwa manjano kwenye maziwa ya moto, na chai huchemshwa kwa tangawizi na karafuu. Huko India ndiko ulikotoka pia mwarobaini, mti unaostahimili ukame wetu na kutoa kivuli katika maboma mengi ya Kibwezi na Mwingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini Wahindi wametutangulia katika jambo moja: waliulinda ujuzi wao wa jadi. Mwaka wa 1994 kampuni ya Marekani, W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, zilipewa hataza barani Ulaya kwa dawa ya kuua kuvu iliyotokana na mafuta ya mwarobaini. Wahindi walipinga, wakaonyesha kwamba wakulima wao waliijua kazi hiyo zamani. Hataza ikafutwa mwaka wa 2000, na rufaa ikatupwa mwaka wa 2005. Sisi Wakenya tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi tangu 2016, ila sheria haiwezi kulinda kile ambacho wazee wetu wanazikwa nacho.

Biashara ya mitishamba si dhambi. Mtu wa mjini hana boma la kupanda kiluma, na chupa iliyopimwa vizuri yaweza kuwa salama kuliko mchemsho wa kukisia. Bodi ya Famasia na Sumu ipo, na kazi yake ni pamoja na kusajili dawa za mitishamba. Anayeiamini dawa yake na aipeleke huko, aandike kilichomo, kipimo chake na asiyefaa kuinywa. Dawa ya nyumbani nayo haina kinga ya makosa: mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kudhuru watoto wachanga, hivyo kuitwa ya asili si hakikisho la usalama.

Kinachoniuma zaidi ni mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa za kliniki kwa sababu ya maneno matamu ya ndani ya basi. Ndugu yangu, usiache. Mwambie daktari wako mitishamba yote unayokunywa, bila kuona haya, kwa kuwa dawa mbili zaweza kugombana mwilini. Na yeyote anayekupa dawa, awe nyanya au kampuni, muulize kesho utampata wapi. Asiye na jibu, mrudishie chupa yake.