Zenoni na daraja za sababu

Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya, alizigawa sababu mafungu matatu: za yakini, kama maji kwa mwenye kiu, za dhana, kama tiba nyingi za matabibu, na za kuwaziwa tu. Kuziacha za yakini, kwake, si tawakali, yaani kumtegemea Mungu, hata kidogo. Mgawanyo huo si mgeni Unguja. Sayyid Ahmed bin Sumeyt na Sheikh Abdalla Bakathir, waliofariki wote 1925, walisomesha Mji Mkongwe kwa njia ya Alawiyya, inayomthamini mno Ghazali. Nasema mizani yake inatufaa leo, tunaposikia kuwa gesi isiyoungana kikemia na chochote mwilini huenda ikaulinda ubongo.

Gesi hiyo, zenoni, iligunduliwa London mwaka 1898, nayo hewani ni sehemu moja tu katika zaidi ya milioni 11. Ikifika kwenye ubongo huvizuia baadhi ya vipokezi vya glutamati, ambavyo seli zikikosa oksijeni husisimka kupita kiasi mpaka zikafa. Kwa hiyo matumaini yana msingi. Finland waliijaribu, pamoja na kuupoza mwili, kwa watu wazima 110 waliozimia baada ya moyo kusimama. Matokeo ya 2016 yalionyesha ubongo wa waliopewa zenoni uliumia kidogo kuliko wa wengine, lakini tofauti ya vifo haikuthibitika. Mwaka huohuo Uingereza ilitoa matokeo ya watoto 92 waliokosa hewa walipozaliwa: kuongeza zenoni juu ya kupozwa hakukuonyesha faida. Basi hii ni sababu ya dhana, na kwa kichanga ni dhana dhaifu. Mkunga wa Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, anayempokea mtoto asiyelia ana sababu iliyo karibu mno na yakini: kumkausha, kumsugua mgongo, na asipovuta pumzi, kumpulizia hewa ya kawaida kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja. Wakunga wa hospitali 8 za Tanzania walipofundishwa hivyo, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kwa kulinganisha kabla na baada.

Atakuja mtu aseme huku ni kumtaka maskini aridhike na duni. Hoja hiyo ina uchungu wa haki, ila duni hupimwa kwa matokeo. Kupoza watoto, tiba iliyothibitika Ulaya, kulipojaribiwa kwa vichanga 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh, waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa 31. Matokeo yalitoka 2021. Mwingine atauliza: ikiwa mwenye kuathiri ni Mungu peke yake, kama wanateolojia wa Kiashari wanavyofundisha, kwa nini kupanga daraja? Kwa sababu Mungu ameijaalia ada yake kuwa thabiti, na utafiti ni kuisoma ada hiyo. Tena haisomwi Ulaya kwa niaba ya Unguja. Zenoni ikiwa itapimwa kwa vichanga wetu, ipimwe hapahapa, katika wodi ambayo kila zamu tayari ina mfuko, barakoa na mkunga aliyezoea kuvitumia.