Washa Tanuru Lako Kashaulili

Tazama vinavyopita mikononi mwa watu wa Mpanda, hapa Katavi, kwa siku moja tu. Jembe la mkulima wa mpunga kule Mwamkulu, plau la anayelima kwa maksai, sururu na tindo za wachimbaji wadogo wa Dirifu na Ibindi, shoka, mundu, patasi ya seremala, bawaba ya geti. Vyote ni chuma kilichopita motoni, na karibu vyote vimesafirishwa kutoka mbali. Ncha ya sururu ikiwa butu, mchimbaji hununua nyingine au huanza kuulizia nani anaweza kumchongea hii ya zamani. Kijana wa Kashaulili, nataka wewe ndiye uwe jibu la swali hilo. Na nakwambia unaweza kuanza na mtungi wa gesi, tanuru linalobebwa na mtu mmoja, na nyundo.

Usikubali mtu akuambie uhunzi ni kazi ya kigeni huku kwetu. Hadi mwaka 2012, Katavi ilikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa, na Rukwa ndiko uliko Ufipa, moja ya nchi za wahunzi wakubwa kabisa Afrika Mashariki. Wafipa walijenga malungu, yaani matanuru marefu kuliko mtu mzima, kwa udongo wa kichuguu, wakayajaza mawe yenye chuma pamoja na mkaa, kisha wakaacha upepo uingie wenyewe kupitia matundu ya chini. Hakukuwa na mtu wa kuvukuta. Chuma ghafi kilichopatikana kilisafishwa katika matanuru madogo yaitwayo vintengwe, safari hii kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa majembe. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya ufundi huo wa kusini magharibi mwa Tanzania na akaendelea kuufuatilia kwa miaka mingi. Watu hawa hawakuwa na kipimajoto. Walisoma rangi ya moto, na jembe lilitoka.

Majembe ya bei nafuu yaliyoletwa kwa meli katika karne iliyopita ndiyo yaliyozima malungu. Baada ya Uhuru tulijaribu kurudi kwa nguvu ya viwanda: Kiwanda cha Zana za Kilimo cha Ubungo, UFI, na kile cha Mbeya, ZZK. Vyote viwili vilizorota. Mimi sioni humo sababu ya kukata tamaa. Naona pengo, na pengo la ukubwa huo halijazwi na kiwanda kimoja peke yake. Linahitaji karakana ndogo nyingi, kila mji na zake, na Mpanda hauna sababu ya kuwa wa mwisho.

Kwa nini gesi? Kwanza niseme wazi: mzee anayefua kwa mkaa na mvukuto ni mwalimu wako, mheshimu, kaa chini yake ujifunze. Lakini anayeanza peke yake hupata tabu na mkaa. Anahitaji mtu wa kuvukuta, moto unapanda na kushuka, moshi unawakera majirani, na kila gunia limetoka kwenye miombo yetu inayozidi kupungua. Gesi hutoa joto lililotulia. Ukifunga valvu, moto umekufa. Nayo sasa imesambaa: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mitungi imejaa madukani. Mtungi uleule unaochemsha maharage unaweza kukifikisha chuma rangi ya machungwa.

Uleule, ndiyo, ila si kwa regulata ileile. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama, wakadhani wamelogwa. Regulata ya jikoni imetengenezwa kwa presha ndogo sana, kama milibari 30. Kichomeo cha tanuru kinataka kati ya theluthi ya bari na bari moja. Nunua regulata ya presha kubwa inayorekebishika, ya aina wanayotumia wenye majiko makubwa ya migahawa, pamoja na mpira uliotengenezwa kwa ajili ya gesi ya presha hiyo. Hapo usibane matumizi. Kama fedha ni kidogo, punguza kwenye nyundo, punguza kwenye meza, lakini regulata na mpira viwe vipya na vizima.

Gesi ya mitungi yetu huwa ni mchanganyiko wa propani na butani. Wahunzi wa nchi za baridi husisitiza propani tupu kwa sababu butani hugoma kugeuka gesi joto likikaribia nyuzi 0. Jua la Mpanda limekuondolea shida hiyo. Iliyobaki ni ukubwa wa mtungi. Kimiminika kinapogeuka gesi kwa kasi, mtungi hupoa, hutoa jasho, hata kuganda barafu kwa nje, na presha huanguka. Mtungi wa kilo 6 hufika huko haraka. Chukua wa kilo 15, na ukiona umepoa sana uweke ndani ya beseni la maji ya kawaida. Usiupashe kwa moto hata siku moja.

Tanuru lenyewe ni dogo kuliko unavyofikiri. Mwombe fundi wa kuchomelea akukatie bomba nene la chuma lenye kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa 30. Ndani yake viringisha blanketi la nyuzi za kauri, unene wa sentimita 5 pande zote, na utabakiwa na chumba cha moto cha kipenyo cha sentimita 15. Hiyo ni kama lita 5 na kidogo, ukubwa ambao kichomeo kimoja cha bomba la robo tatu inchi hukimudu vizuri. Vaa barakoa unapokata blanketi hilo, kwa sababu nyuzi zake hudhuru mapafu, na zipake saruji ya moto hadi zisionekane kabisa kabla ya kuwasha. Usije ukakata mtungi mtupu wa gesi ili upate bomba. Mtungi ni mali ya kampuni, na mabaki ya gesi ndani yake yanaweza kuua. Blanketi likikosekana Mpanda, liagize kutoka miji mikubwa, na wakati ukisubiri jenga chumba kidogo kwa matofali ya moto. Tofali la kawaida la kuchoma litakula joto lako kisha lipasuke.

Kichomeo ni bomba, kiungo cha kupanua mdomo, na tundu dogo la kupulizia gesi la milimita 0.9 hivi, likielekezwa katikati ya bomba. Gesi ikichomoka humo kwa kasi huvuta hewa yenyewe, na inaihitaji nyingi: sehemu 1 ya propani hutaka karibu sehemu 24 za hewa ili iungue yote. Kwa hiyo weka kifuniko cha kurekebisha hewa. Mwali mrefu wa njano unaoyumba mdomoni mwa tanuru unakuambia gesi imezidi. Chuma kikitoka na magamba mazito meusi, hewa imezidi. Kaa na tanuru lako, cheza na kifuniko, sikiliza mngurumo wa moto. Jioni chache za kusikiliza hivyo zitakufundisha zaidi ya video nyingi za simuni.

Sasa usalama, na hapa nasema kama kaka yako. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutuama sakafuni, kwa hiyo fanyia kazi chini ya banda lililo wazi pande zote. Usiwashe ndani ya chumba, ambako tanuru pia hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtungi usimame wima, mbali na tanuru. Kagua kila kiungo kwa povu la sabuni, usikague kwa kiberiti. Wakati wa kuwasha, tanguliza karatasi inayowaka ndani ya tanuru, ndipo ufungue gesi kidogo kidogo. Wakati wa kuzima, anza na valvu ya mtungi. Ndoo ya mchanga iwe karibu, nguo ziwe za pamba, miwani machoni, viatu vilivyofunika mguu. Hifadhi namba 114 ya Zimamoto. Na bati au bomba lolote lililopakwa zinki lisiingie motoni, kwa sababu zinki huchemka kabla chuma hakijafikia joto la kufulia, na moshi wake ni sumu.

"Sina fuawe." Najua. Mchagua jembe si mkulima. Pande zito la ekseli ya lori au bamba nene la gari bovu, likifungwa imara juu ya gogo, linatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Ila nakusihi: Mpanda ndipo inapoishia reli ya kutoka Kaliua, na atakuja mtu na kipande cha reli usiku, bei poa. Usinunue. Hiyo ni njia ya treni yetu, na kuihujumu ni jinai. Chuma halali cha kufua kipo kwenye gereji: springi za magari, zenye kaboni ya kutosha kushika makali. Nondo tumia kujifunzia kunyoosha, kupinda na kuchonga ncha, maana nondo nyingi hazikazi vya kutosha kushika makali.

Tanuru la namna hii hula kati ya nusu kilo na kilo nzima ya gesi kwa saa, kutegemea presha. Kwa hiyo kata vipande vyako, chora vipimo, panga koleo, kisha ndipo uwashe. Usifue chuma kilichofifia kuwa chekundu cha giza. Kirudishe motoni mpaka kifike rangi ya machungwa, piga kwa nguvu, kirudishe tena. Kikianza kutoa cheche nyeupe kinaungua, umekipoteza.

Usifanye peke yako kama unaweza kupata wenzako, dada zetu wakiwemo, kwa sababu kufua kunataka shabaha na subira kuliko misuli. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nendeni mkaulize taratibu Manispaa, mpite pia SIDO na VETA, mkiwa na kitu mkononi mlichofua wenyewe. Kitu mkononi huongea kuliko andiko la mradi.

Na kitu hicho kiwe tindo. Kata springi, fua ncha yake, kisha ipashe hadi sumaku isishike tena, joto la karibu nyuzi 770, na uitumbukize kwenye mafuta ya kula. Ing'arishe ncha, ipashe taratibu kutokea upande wa nyuma, na uangalie rangi zikikimbilia mbele: manjano hafifu, kahawia, zambarau. Zambarau ikifika nchani, ipoze. Mpelekee mchimbaji bure, umwambie aitumie wiki nzima kisha akuletee. Ikipinda, ulipasha ncha kupita kiasi. Ikimeguka, ulipoza mapema mno. Ikirudi nzima, akiwa na wenzake wawili wanaotaka kama hiyo, wape bei.

Mvua hazisubiri, na kabla ya mvua kila jembe na kila plau la Katavi hutafutiwa fundi. Fundi wa kuchomelea bado yuko kazini saa hizi. Kipimo umeshakijua: kipenyo sentimita 25, urefu sentimita 30.